Mapenzi Yasiyo na Maiti

Tangu nimalize kidato cha nne nimesoma riwaya za mapenzi hadi zile za kuazima mtaani zimeniishia. Nikaona jambo moja: anayependa nje ya mstari lazima alipe. Rosa wa Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya 1971, anajiua. Wengine hupata ukimwi, wengine hugongwa na gari ukurasa wa mwisho. Mwandishi akikwama tu, gari hilo!

Sasa kama aliyependa mvulana anaadhibiwa hivyo, itakuwaje kwa msichana aliyempenda msichana mwenzake?

Jibu jingine lilitoka Nairobi. Wanuri Kahiu alitengeneza Rafiki, filamu iliyooneshwa Cannes mwaka 2018. Chanzo chake ni hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine 2007. Jambula ndiyo zambarau yetu, ile inayokupaka ulimi usiweze kukana kwamba umekula. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaogombea kiti kimoja. Wanacheka, wanacheza, wanapendana. Wanapigwa pia na watu wa mtaani. Lakini mwisho unabakiza tumaini.

Kahiu alisimulia kwamba bodi ya filamu ilitaka mwisho huo ubadilishwe. Alikataa, filamu ikapigwa marufuku. Septemba 2018 mahakama iliruhusu ioneshwe kwa watu wazima, siku 7 tu, na kumbi zikajaa.

Hebu fikiri: kumbe furaha nayo inaogopwa! Ndiyo maana nazipenda hadithi nyepesi, hata wasomi wakiziita za kupoteza muda. Huzuni watu hawa wamekwisha pewa ya kutosha. Hadithi nyepesi huwapa vile vidogo ambavyo wengine wanavyo bila kuomba: kununiana kwa barua isiyojibiwa, kuoneana wivu, kupatana jioni.

Huku kwetu Kilwa lugha yenyewe inatucheka. Wanawake huitana "shoga" kutwa nzima: shoga nipe chumvi, shoga njoo nikusuke. Neno hilohilo akiambiwa mwanamume ni tusi la kumtoa mtu damu. Midomo ni ileile. Mara inabembeleza, mara inarusha jiwe.

Nami ninalo daftari langu. Mashoga wawili wa Kilwa Masoko, mmoja muuza pweza, mwingine msusi, wamekaa Nangurukuru wanangoja basi la Lindi. Nimefika ukurasa wa 40. Sheria ya nchi naijua, na barazani kwetu nako nakujua, kwa hiyo daftari hulala chini ya godoro.

Ameshalisoma mtu mmoja tu, shoga yangu wa tangu shule. Dhambi hakuitaja. Aliuliza hivi: "We, kwani wanafika Lindi au hawafiki?"

Nikamwambia wanafika, tena siti ya dirishani wamepata.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi andika upesi."