Watoto Ni wa Nani?

Katika somo la sarufi tunafundishwa kwamba -a unganifu ni kipashio kidogo chenye kazi nyingi. Nyumba ya mtu yaweza kuwa ile aliyoijenga, ile aliyoipanga, au ile anamolala tu. Mwanafunzi huandika hayo kwenye daftari, hujibu mtihani, kisha husahau. Mimi sikupata nafasi ya kusahau, kwa sababu mwaka jana likizo ilinikuta Likasi, nyumbani kwetu Kikula, ambako kipashio hicho kilikuwa kimewagawanya watu wazima wa familia mbili. Yaya yangu alikuwa ametengana na mume wake, na kila aliyeingia uani aliuliza neno moja: «Batoto ni ba nani?»

Kwa upande wa shemeji jibu lilikuwa jepesi. Wao ni Waluba, na kwao ukoo hufuata baba. Mali ilitolewa, wazee walikula, basi watoto watatu ni wa kwao. Kwa upande wa mama yetu, aliye Mubemba, jibu lilikuwa jepesi vilevile, ila la kinyume: ukoo hufuata mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Likasi ni mji wa namna hiyo. Tangu ulipoitwa Jadotville, shaba iliwaleta watu wa kila kabila, wakaishi pamoja katika kambi za Union Minière, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kusikilizana. Lakini kusikilizana kwa maneno si kukubaliana kwa maana. Pande zote mbili zilisema sentensi ileile kwa Kiswahili kilekile, huku kila upande ukiisikia kwa mila yake.

Yaya hakutaka kujua ukoo. Alitaka kujua kama watoto watalala kwake. Nikamwambia twende tukaombe shauri kwa avoka. Akanijibu: «Mudogo yangu, bila ruhusa ya bwana, nitaingia namna gani?»

Jibu hilo halikutoka hewani. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kwa mambo mengi ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha jambo hilo: pale palipotakiwa idhini ya mume, sasa yatakiwa mapatano ya mume na mke. Bado sheria inamtaja mume kuwa mkuu wa nyumba, lakini mlango ule wa idhini ulifunguliwa. Kikula, mlango huo ulikuwa ungali umefungwa katika maneno ya watu. Habari ya mwaka 1987 ilikuwa na muda wa kutosha kushuka kutoka Kifaransa hadi sokoni na kanisani. Ile ya mwaka 2016 ilikuwa ingali njiani.

Avoka alitupokea vizuri. Ni mtu wa Katanga kama sisi, alitusalimia kwa Kiswahili, akamwita yaya «Mama», akauliza kama ndoa iliandikishwa komini. Ila alipofika penye sheria yenyewe, ulimi ulihamia Kifaransa, maana huko ndiko alikojifunza. Alisema «garde», akasema «pension alimentaire», kisha akajaribu kututafsiria nguzo ya jambo lote, «l'intérêt supérieur de l'enfant»: hakimu ataangalia «faida ya juu ya mtoto».

Yaya anauza unga sokoni. Kwake faida ni kile kinachobaki baada ya kurudisha mtaji. Akanigeukia na kuuliza polepole: «Ile faida, nani ataikula?»

Swali hilo lilikuwa la haki kabisa. Aliogopa kwamba hakimu atampa watoto yule atakayepata pato kubwa kwao. Nikamwambia kwamba hakimu hatatafuta nani afaidike. Atatafuta kile kinachomfaa mtoto. Maneno hayo yanafanana kwa sauti, lakini kitenzi kinamweka mtoto mahali pa anayefaliwa, na nomino inamwacha kama bidhaa. Avoka alicheka, akaandika maneno hayo pembeni ya karatasi yake.

Neno «garde» lilitusumbua zaidi. Watu husema «kukamata batoto», na anayesikia hivyo huelewa kwamba mmoja anakamata na mwingine ananyang'anywa. Sheria haisemi hivyo. Ndoa ikivunjwa, hakimu huamua watoto wakae kwa nani. Lakini kwa yeyote watakakokaa, baba na mama wote wawili hubaki na haki ya kuangalia malezi yao, na wote wawili hudaiwa kuchangia kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Basi tulilivunja lile swali kubwa vipande vitatu: banalala wapi, banakula wapi, nani analipa masomo? Ukoo hatukuugusa. Yaya alivirudia vile vipande mara mbili tukiwa barabarani.

Jumapili iliyofuata familia zilikutana. Mzee wa upande wa shemeji alianza kama ilivyotarajiwa: «Shiye tulitosha mali. Batoto ni ba kwetu.» Yaya hakubisha. Alisema: «Ni ba kwenu, Baba. Jina ni yenu. Sasa minerivali ya huyu mukubwa, nani atalipa? Na huyu mudogo anakohoa usiku, nani atamuamukia?» Kimya kilikuwa kirefu. Siku ile walikubaliana jambo moja tu, kwamba watoto wabaki kwa mama yao hadi shule zifungwe. Mengine yako mbele ya tribinali, na hadi ninapoandika, hukumu haijatoka.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 142, inaitaka Serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu kutangazwa kwake. Kikongo, Kilingala, Kiswahili, Kiluba: lugha tunazozichambua katika idara yetu hadi kwenye toni na viambishi. Kazi ya Serikali ni ya Serikali. Lakini nani atajua kwamba «faida» haifai, kama si anayesikia Kiswahili cha vitabu na kile cha Kikula pamoja?

Nimeanza orodha ya maneno ya sheria ya familia. Yamefika 31. Kila neno namsomea kwanza yaya yangu, na asipouliza kitu naliacha lilale wiki moja, kisha namsomea tena. «Garde» bado halijapata mwenzake. Kwa sasa nimeandika «kukaa na watoto», na mbele yake nimetia alama ya kuuliza.