Mtoto Anapoweweseka Usiku

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi nimeishi miaka 74, na zaidi ya 30 kati ya hiyo niliitumikia katika vyuo vya ualimu, kwanza nikiwa mkufunzi na hatimaye mkuu wa chuo. Wanachuo niliowafundisha saikolojia ya mtoto siwezi kuwahesabu. Hata hivyo, kuna jambo moja la watoto ambalo sikulielewa mpaka nilipostaafu, na mwalimu wangu alikuwa mjukuu wa miaka mitatu.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Mwanangu na mkewe walikuja kututembelea Muheza wakitokea Dar es Salaam. Mtoto aliamshwa kabla ya alfajiri ili wawahi basi, hakulala mchana, na walipofika alikimbizana na kuku wa bibi yake hadi jua likazama. Saa mbili usiku alilala kama gogo. Yapata saa tatu na nusu tukasikia ukelele uliotuinua sote vitini.

Tulimkuta ameketi kitandani, macho yamemtoka, jasho linamchuruzika, moyo unamwenda mbio. Alikuwa akimwita mama yake, ilhali mama yake amemkumbatia. Kila aliyemgusa alimsukuma kwa nguvu. Jirani aliyesikia kelele alikuja, akasema mtoto ameona kitu, tufukize ubani. Mke wangu alihofia degedege. Mwanangu alimshika mabega akawa anamtikisa, “Amka! Nyamaza!” Kadiri alivyomtikisa ndivyo mtoto alivyozidi kupiga kelele. Baada ya dakika kama kumi alinyamaza mwenyewe, akajilaza, akaendelea na usingizi. Asubuhi aliamka akadai uji, hana habari ya lolote.

Hata hivyo tulimpeleka hospitali. Daktari alimpima, hakumkuta na homa wala ugonjwa mwingine. Alituambia kwamba ule ni usingizi tu, kisha akauliza, “Katika ukoo wenu yupo aliyekuwa hivi utotoni?” Mimi nilinyamaza. Mke wangu ndiye aliyejibu, “Baba yake alikuwa hivi hivi.”

Nitarudi kwenye jibu hilo. Kwanza nieleze niliyoyapata kwa daktari yule na katika vitabu nilivyosoma baadaye.

Usingizi wa binadamu si wa namna moja. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, na ndicho kipindi ambacho watu huota zaidi. Jinamizi hutokea humo, aghalabu usiku unapoelekea alfajiri. Mtoto wa jinamizi huamka kabisa, hukutambua, hulia akitaka kubembelezwa, na anaweza kukusimulia alichokiota. Huyo mkumbatie.

Kuweweseka kwa mjukuu wangu ni jambo jingine. Huko hutokea katika usingizi mzito, kwa kawaida saa moja hadi tatu baada ya kulala. Mtoto huinuka nusu: sehemu ya ubongo inayoendesha moyo, sauti na viungo imeamka, lakini ile inayotambua watu na kutunza kumbukumbu bado imelala. Ndiyo maana hukutazama asikuone, na asubuhi hakumbuki kitu. Uchovu, kukosa usingizi, homa, kulala ugenini, hata kibofu kilichojaa, huweza kulichochea. Pia hufuata ukoo, pamoja na ndugu yake, kutembea usingizini. Watoto wengi huachana nalo wanapokua.

Basi mzazi afanye nini? Asimwamshe, asimtikise, asimmwagie maji. Akae karibu, aondoe taa ya moto na vitu vya kumwumiza, amzuie asianguke, aseme naye kwa sauti ya chini, angoje. Mchana ahakikishe mtoto amepumzika, usiku alale saa ile ile, na akojoe kwanza. Ikiwa huweweseka kila usiku kwa saa ile ile, aamshwe taratibu kama robo saa kabla, kisha arudi kulala, kwa siku kadhaa mfululizo. Lakini mtoto akikakamaa, akirusha viungo kwa mpigo mmoja, akitokwa na mate au akiwa na homa, asipotezewe muda kwa ubani wala kwa maelezo yangu haya. Apelekwe hospitali. Vivyo hivyo anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini.

Sasa nirudi kwenye jibu la mke wangu. Mwaka 1987 nilikuwa mkufunzi, na mwanangu huyo alikuwa na umri kama wa mwanawe sasa. Usiku nilikuwa nikisahihisha kazi za wanachuo kwa taa ya chemli, naye huanza kupiga mayowe. Nilimwita mdekaji. Nilijiambia samaki mkunje angali mbichi, nikachukua fimbo. Nilimchapa mpaka aamke kweli, na kilio chake kikabadilika. Nilidhani huko kubadilika ndiko kunyamazishwa. Mambo hayo yalichukua karibu miaka miwili. Mchana wake nilikuwa nasimama ubaoni nikifundisha hatua za ukuaji wa mtoto.

Tuliporudi kutoka hospitali nilimwita mwanangu chini ya mchungwa, nikamwambia yote, nikamwomba radhi. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, “Baba, kuweweseka sikumbuki hata kidogo. Ninachokumbuka ni kwamba ulipokuwa safarini nilikuwa nafurahi, kwa sababu nitalala.”

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimempokonya mtoto usingizi kwa kosa ambalo hakulitenda wala hakulijua. Mwanangu alinisamehe, na ninaamini amenisamehe kweli. Lakini maneno yale ninayo hadi leo.

Usiku wa tatu wa likizo ile mjukuu aliweweseka tena. Mwanangu aliingia peke yake, akaketi pembeni mwa kitanda, akaweka mkono juu ya mto bila kumgusa mtoto. Mimi nilisimama mlangoni. Dakika zile zilikuwa ndefu. Mtoto alipotulia, baba yake alimfunika shuka, akachomekea chandarua, akatoka kimya.

Ndugu msomaji, kama una mtoto wa namna hii nyumbani, usione aibu kukaa tu bila kufanya kitu. Mimi nilifanya kitu.