Shamba la Shule

Shule ya msingi iliyo jirani na kanisa letu ina eneo kubwa kuliko shule nyingi za mjini, na historia yake ndiyo sababu. Wakati wa mkoloni wazee wa ukoo mmoja waliitolea misheni ardhi ili watoto wasome. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule ilitaifishwa kama nyingine nyingi za makanisa. Kwa kuwa Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, eneo la nyuma ya madarasa likawa shamba la shule, na wapo washarika wetu wenye mvi ambao bado wanasimulia jinsi walivyolima mahindi pale kabla ya kengele ya kwanza. Siku hizo huku kulikuwa porini. Leo ni mjini, jembe limeachwa siku nyingi, na ekari nne zimebaki na nyasi, njia ya mkato ya kwenda sokoni, magoli mawili ya miti, na matuta ya mchicha ya akina mama sita ambao walimu wakuu, mmoja baada ya mwingine, wamewaruhusu kwa mdomo tu.

Mwaka jana tangazo lilibandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. (Sisi Walutheri tukisema mtaa huwa tunafikiria sehemu ya usharika; hapa tunasema mtaa wa serikali, wenye mwenyekiti na mtendaji.) Halmashauri ilikusudia kubadili matumizi ya ekari hizo kutoka elimu kuwa makazi na biashara, viwanja vipimwe na kuuzwa, na fedha zijenge madarasa na matundu ya vyoo shuleni hapo hapo. Wananchi walialikwa kutoa maoni.

Hoja hiyo si ya kubeza. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, shule nyingi zimeelemewa, na yetu ni mojawapo. Darasa la kwanza wanakaa zaidi ya watoto 100 katika chumba kimoja. Mzazi ambaye mtoto wake hupanga foleni ya choo mpaka mapumziko yanaisha, ukimwambia ardhi ni urithi usioguswa, ana haki ya kukuuliza ni urithi wa nani.

Usharika wetu ulikuwa pande zote. Tuna walimu wa shule ile, wanaotaka madarasa jana. Tuna vijana wa kwaya wanaocheza mpira pale, na vijana wengine waliochoka kupanga nyumba, ambao waliliona tangazo lile kama jibu la maombi. Watatu kati ya wale akina mama wa mchicha ni washarika. Na baraza la wazee lilikuwa na jambo lake. Mzee mmoja alisema kwa uchungu wa kweli kwamba kama ardhi haitumiki tena kwa shule, basi irudi kwa kanisa lililopewa. Rasimu ya barua ikaandaliwa. Chekechea yetu iko chini ya bati, bila kuta upande wa magharibi, kwa hiyo hakuna aliyeona aibu kuomba.

Wiki hiyo, katika jumuiya, tulisoma sura mbili ambazo hatukuwa tumezoea kuzisoma pamoja: Hesabu 27 na 1 Wafalme 21. Zote mbili zina mkutano wa hadhara kuhusu ardhi.

Katika ule wa kwanza, mabinti watano wa Selofehadi wanasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote. Baba yao amekufa bila mtoto wa kiume, na kwa utaratibu uliokuwapo wao hawapati kitu. Wanasema neno lao. Musa hana jibu mfukoni, kwa hiyo analipeleka shauri lao mbele za Bwana, na jibu linalokuja ni kwamba mabinti wamesema kweli. Utaratibu unabadilishwa. (Hesabu 36 inaonyesha kwamba wakuu wa ukoo walirudi baadaye na pingamizi, na utaratibu ukarekebishwa tena. Mambo ya ardhi hayakuwa mepesi hata kwa Musa.)

Katika ule wa pili, Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi liwe bustani ya mboga. Tukumbuke kwamba alianza vizuri: alitoa bei, au shamba jingine bora zaidi. Nabothi alipokataa kuuza urithi wa baba zake, Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akazituma kwa wazee wa mji. Mfungo ukatangazwa. Watu wakakusanyika, Nabothi akaketishwa mbele, mashahidi wakatoa ushahidi. Kwa mtu aliyepita pale siku hiyo, kila kitu kilikuwa kwa utaratibu: wazee wapo, wananchi wapo, jina la Mungu limetajwa. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla Nabothi hajavaa viatu vyake kwenda mkutanoni.

Jumuiya ilitulia kidogo. Kisha mama mmoja akauliza swali ambalo lilifika kwenye baraza la wazee kabla ya Jumapili: na sisi, ile barua yetu, si imeshaandaliwa?

Baraza lilibishana kwa saa mbili. Tulikumbushana kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Wengi wetu tulikuwa tumelisikia jambo hilo kama la wanasheria, lakini ukiliweka karibu na Mambo ya Walawi 25, ambapo Mungu anawaambia Waisraeli kwamba nchi ni yake na wao ni wapitaji, halionekani geni. Tulikumbushana pia kwamba mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani waanzishe shule na kuzitunza. Kila mwaka mji unatumia fedha kwa bunduki, barabara, madaraja na mabwawa, alisema. Kwa nini usitumie walau kiasi hicho hicho kwa walimu? Aliwaandikia madiwani. Kwa hiyo Mlutheri anayeona shule iko mikononi mwa halmashauri hana sababu ya kudhani imepotea njia. Wazee wa ule ukoo walitoa ardhi kwa ajili ya watoto, na misheni ilikuwa mkono wa kupokelea. Barua ikawekwa kando kwa kura chache tu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya miguu. Mkutano ulikuwa umepangwa Alhamisi saa nne asubuhi, saa ambayo akina mama wa mchicha wako sokoni na wazazi wengi wako kazini. Tulikwenda kwa mwenyekiti pamoja na Shehe wa msikiti wa jirani kuomba siku nyingine. Ijumaa ni ya Waislamu, Jumamosi ya Wasabato. Ikabaki Jumapili saa tisa alasiri, nasi tukafupisha ibada ya pili, jambo ambalo waimbaji hawakulipenda.

Watu walijaa hadi nje ya turubai. Afisa mipango miji alibandika ramani, na ekari nne zilikuwa zimeshagawanywa viwanja, kila kimoja na namba yake. Minong'ono ikaanza: mmeshauza? Akasema ni rasimu tu. Huenda ilikuwa kweli, maana lazima mtu achore kitu ili watu waone. Lakini sisi tuliokuwa tumetoka kusoma habari za Nabothi tuliangaliana.

Waliosema kwanza ni wale wanaosema siku zote. Kijana mmoja alisema waziwazi kwamba anataka kiwanja, na kwamba wenye nyumba wasimfundishe subira. Alipigiwa makofi, na alistahili. Mwalimu mstaafu akauliza: viwanja vikiisha na fedha zikaisha, miaka 10 ijayo madarasa mengine yatajengwa wapi? Kisha Shehe akaomba wale akina mama wapewe nafasi, kwa kuwa hakuna aliyewaona wakinyoosha mkono. Aliyesimama hakuzungumzia mchicha hata kidogo. Aliuliza maji ya mvua yatapita wapi. Akaeleza, kwa mikono yake, jinsi maji yanavyoshuka kutoka barabarani, yanavyoingia kwenye matuta na kuzama pale, na jinsi mwaka ambao matuta hayakulimwa maji yalivyoingia darasa la pili. Afisa alirudi kwenye ramani yake akaitazama kwa muda. Mfereji haukuwamo.

Baada ya hapo mkutano ulibadilika. Watu walianza kujadili ardhi yenyewe: wapi pana mteremko, wapi pakavu. Maoni ya wengi yakawa kwamba ukanda wa barabarani ujengwe fremu za kukodisha, kodi iingie akaunti ya shule na isomwe kwenye mkutano wa wazazi, na sehemu iliyobaki ibaki ya elimu. Mzee wetu wa kanisa alisimama mwisho, akasema kanisa lingeweza kudai na halidai. Wapo washarika ambao hawajatusamehe kwa sentensi hiyo. Kila mvua ikipiga kutoka magharibi na watoto wa chekechea wakisogea upande mmoja, tunajua wanatufikiria, na hatuna jibu la kuwanyamazisha.

Muhtasari uliandikwa ukasainiwa pale pale. Akina mama waliomba majina yao yote sita yaandikwe. Nakala moja ilikwenda halmashauri, moja iko kwenye kabati la ofisi ya usharika, moja anayo katibu wa msikiti. Jibu halijaja. Wiki iliyopita walifika vijana wawili na vifaa vya kupimia, wakaanza kuchimbia bikoni karibu na magoli. Mwenyekiti wa mtaa aliitwa, akawauliza barua yao iko wapi. Hawakuwa nayo. Wakafunga vifaa vyao wakaondoka, na bikoni moja bado iko pale.