Matunzo ya Sakafu za Vigae

Siku hizi nyumba nyingi, hata za vijijini, zatandikwa vigae, nasi twadhani kigae ni kigae tu. Dhana hiyo ilitutia aibu, na aibu yetu na iwe funzo.

Ndugu yetu mmoja, alipokwenda safari, alituachia nyumba yake iliyoko Mbezi Beach, Dar es Salaam, pamoja na binti mtumishi wake. Ukumbi ulikuwa wa mawe ya marumaru. Siku moja tuliona doa la chai, tukamwagiza binti alisugue kwa limao. Doa likatoka, na mng'ao nao ukatoka, pakabaki baka. Tukamkemea, tukampasha habari mwenye nyumba kwamba mtumishi wake hana uangalifu. Naye akakusudia kumwachisha kazi.

Fundi aliyeitwa kutazama baka lile aliuliza, "Nani aliweka limao?" Ndipo akatueleza. Marumaru ni jamaa ya chokaa, kama matumbawe ya pwani yetu. Uchachu wa limao au siki huila. Yatosha maji na sabuni isiyo kali. Vigae vya udongo vilivyopakwa rangi ing'aayo kama kioo havidhuriki upesi kwa uchachu, lakini mchanga wa viatuni huvikwaruza. Kwa hiyo fagia kwanza, ndipo upige deki. Visivyopakwa hunywa mafuta. Yakimwagika yafutwe mara moja. Saruji ya maungio isuguliwe kwa brashi laini, si ya waya. Tena, dawa ya klorini isichanganywe kamwe na siki wala na dawa ya choo yenye asidi, maana hutoka hewa ya sumu iwezayo kuua.

Tulipokwisha kusikia hayo, hatukuwa na la kujitetea. Tulimwarifu mwenye nyumba kwamba kosa ni letu, kisha tukamwomba binti radhi mbele ya wote waliosikia tukimkemea. Akajibu, "Mwalimu, nilifanya mlivyoniagiza." Hakuongeza neno, wala hakuachishwa kazi.

Fundi alilisaga jiwe, likang'aa tena. Lakini wahenga husema, maji yakimwagika hayazoleki, na maneno yetu yalikwisha kumwagika. Basi, ndugu, kabla ya kusafisha sakafu, jueni ni ya namna gani. Na kabla ya kumlaumu mtumishi, jiulizeni ni nani aliyemwagiza.