Mwalimu wetu Saa Moja

 

Sisi tunaoandika ni watu wanne. Tulisoma pamoja darasa la tano na la sita katika kambi ya Lugufu, hapa hapa mkoani Kigoma, kuanzia mwaka 1999 hadi 2001. Leo sisi ni baba na mama za watu, tuko Nyarugusu, na watoto wetu wanasoma. Tumeona tuandike juu ya mwalimu aliyetufundisha miaka ile miwili, kwa sababu kuna neno alilopigana nalo wakati ule, na siku hizi tunalisikia tena kwenye bomba la maji na kwenye mstari wa mgao. Neno lenyewe ni hili: "Mtoto asome ya nini, na sisi tuko kambini?"

Jina lake hatuliandiki, maana yeye mwenyewe hakupenda kutajwa. Sisi watoto tulimwita Saa Moja. Saa moja kamili asubuhi alikuwa anagonga rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, na akishagonga alikuwa anachora mstari wa majivu mlangoni. Shule yetu haikuwa na mlango wa mbao. Ilikuwa kuta za tofali za udongo, juu shitingi, na mahali pa dirisha palikuwa wazi. Ukifika baada ya mstari kuchorwa, huingii. Lakini pia hukurudishwa nyumbani. Ulisimama nje dirishani, daftari kwenye goti, ukaandika somo kama wenzako mpaka mapumziko. Alikuwa anasema, "Nikikurudisha nyumbani, nimekupa zawadi."

Wengi mliozaliwa nyuma hamkuiona Lugufu, basi tueleze kidogo. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1997 kwa ajili ya watu waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita iliyoanza Kongo mwaka 1996. Mwaka 1998 vita ya pili ikaanza, wengine wakavuka. Wazee wetu wakati huo walikuwa wanasema tutarudi mavuno yajayo. Kila mwaka ni mavuno yajayo. Kuna watu walikataa hata kupanda mwembe mbele ya nyumba, maana nani atakula maembe yake? Na kama mwembe haupandwi, mtoto naye anasomeshwa ya nini? Wengi walisema tungojee, tukifika kwetu watasoma shule ya kweli.

Mwalimu wetu hakukubali maneno hayo hata siku moja. Yeye alikuwa mwalimu tangu Fizi, kabla ya vita. Alituambia hivi, na sisi wanne bado tunayakumbuka kwa sauti yake: "Mwaka wa kambi nao ni mwaka. Mungu eko anauhesabu kwenye umri wenu." Siku nyingine alitukumbusha methali, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akasema, "Sisi hapa Tanzania siku ya tatu imeshapita. Jembe lenu nyinyi batoto ni kalamu."

Na jembe hilo alituchungisha kwelikweli. Madaftari yalikuwa machache, kwa hiyo ilikuwa marufuku kuruka mstari. Tuliandika mbele na nyuma ya karatasi, mpaka pembeni kwenye mstari mwekundu. Penseli moja aliikata kwa wembe vipande vitatu, watoto watatu wakapata. Kila Jumatatu alitazama kucha na nywele. Yeye mwenyewe alikuwa na koti moja tu la kahawia, wala hatukumwona hata siku moja amekuja bila koti hilo, hata jua la mwezi wa nane lilipokuwa linawaka na vumbi limejaa.

Tulisoma kwa programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Tulichoogopa kuliko vyote ni imla, ile tuliyoita dikte. Kila Ijumaa dikte. Kifaransa mnakijua ninyi mliokisoma: mdomoni neno ni moja, kwenye karatasi ni manne. Ver ni mdudu, vert ni rangi ya kijani, verre ni glasi, vers ni kuelekea mahali. Alikuwa anayapanga yote katika sentensi moja, anasoma mara mbili tu, halafu anapita kati ya mabenchi mikono nyuma. Mvua ikipiga kwenye shitingi sauti haisikiki kabisa. Hapo alikuwa anasimama mbele ya kila benchi, anainama, anasoma sentensi ile ile tena, benchi baada ya benchi. Darasa lilikuwa na majina 74. Mkihesabu mtaona jioni sauti yake ilikuwa imebaki namna gani.

Sasa tuseme juu ya fimbo, maana wenzetu wa darasa lile wakisoma hapa tusipoitaja watatucheka. Alikuwa nayo, na alitupiga. Hatuandiki ili kuitetea. Sisi leo hatutaki watoto wetu wapigwe shuleni, na tunashukuru kwamba walimu wanafundishwa njia nyingine. Kwake pia fimbo haikudumu. Tulipokuwa darasa la sita viongozi wa shule waliwaambia walimu waiache, naye akaiacha siku ile ile. Sisi tukafurahi, tukasema tumepona.

Hatukupona. Ulipokosa hesabu hakukupiga, alibaki na wewe. Wenzako wanakwenda nyumbani, wewe umekaa, na yeye amekaa mbele yako, mpaka hesabu itoke. Alikuwa hajala kama wewe hujala. Saa nane, saa tisa, yuko tu. Hakupaza sauti. Hapo ndipo tulipojua kwamba fimbo ilikuwa kitu kidogo. Fimbo inaisha baada ya dakika moja. Lakini mtu mzima mwenye njaa, ambaye posho ya mwalimu wa kambi haimtoshi hata sabuni, anayekaa mbele yako kwa sababu hataki uende nyumbani bila kuelewa, huyo huwezi kumzoea.

Siku ya mgao wa chakula shule nyingi zilikuwa tupu, kwa sababu watoto walikwenda kusaidia kubeba. Yeye aligombana na wazazi mwezi mzima, akashindwa. Basi akafanya jambo ambalo hatukutegemea. Siku ya mgao iliyofuata alikuja na kipande cha ubao na chaki kwenye mstari wa chakula, akatukusanya pembeni. Akaandika, kwa mfano: maharagwe gramu 60 kwa mtu mmoja kwa siku, familia ya watu saba, siku 14. Haya, nyumba hii ipate ngapi? Sitini mara saba ni 420. Mara 14 ni gramu 5,880, maana yake kilo tano na gramu 880. Tukaenda kusimama na mama zetu tukiwa na hesabu mkononi.

Kuanzia hapo mama ambao hawakusoma walikuwa hawaendi kwenye mgao bila mtoto wa darasa la tano. Siku moja kopo la mgawaji mmoja lilikuwa linapunja, na aliyeligundua ni mtoto wa miaka kumi na mmoja. Akahesabu mbele ya watu wote, kopo likabadilishwa. Jioni ile wazazi waliokuwa wanamlalamikia mwalimu walimpelekea nyumbani kwake unga kidogo. Aliukataa. Akasema, "Nileteeni mtoto kesho saa moja."

Jambo la tatu ni la msichana mmoja wa darasa letu. Alikuwa anaongoza kwa pointi, halafu darasa la sita akaacha kuja. Maji, kuni, mdogo wake mgonjwa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini ya kweli ilikuwa kwamba maneno ya mahari yalikuwa yameanza. Mwalimu hakwenda kwa viongozi wa kijiji, wala hakumtolea baba wa msichana hotuba ya haki za watoto. Alikwenda jioni, akapiga hodi, akapewa kigoda. Akasema, "Mimi sina maneno na wewe, baba. Niko naleta kazi ya mtoto." Akamwachia msichana hesabu tano na dikte fupi. Kesho yake jioni akarudi, akazisahihisha pale pale chini ya taa ya kibatari, mbele ya baba na mama, akaacha nyingine. Siku ya tatu vilevile. Baba alikuwa anamtazama tu. Siku ya nne mwalimu alichelewa kidogo, na baba akamuuliza binti yake, "Mwalimu wako eko wapi? Kazi yako si umemaliza?" Asubuhi yake akamwambia, "Nenda wewe mwenyewe, yule mzee atachoka kutembea."

Msichana huyo ni mmoja wetu sisi wanne. Yeye ndiye aliyeshika kalamu leo, wengine tunamtajia.

Mwaka 2005 safari za kurudi zilianza, meli zikatoka Kigoma kwenda Baraka. Sisi tulikuwa tumeshamaliza kwake zamani, lakini wadogo zetu walikuwa darasani kwake. Darasa likaanza kupungua. Kila mtoto aliyeandikishwa kurudi alipewa na mwalimu karatasi aliyoiandika kwa mkono, pointi zake zote za kila somo, na muhuri wa shule, ili akifika kule asirudishwe nyuma darasa. Aliziandika usiku. Watu walimuuliza, mwalimu, wewe unarudi lini? Alikuwa anajibu kwamba ataandikisha jina baada ya mitihani. "Nikienda katikati ya mwaka, batoto nitabaachia nani?" Mitihani ikaisha, mwaka mwingine ukaanza, akasema tena baada ya mitihani. Lugufu ikafungwa mwaka 2009, naye akaletwa Nyarugusu pamoja na waliobaki. Hapa pia alifundisha mpaka macho yalipokataa.

Alifariki mwaka 2019, akazikwa hapa hapa. Mazishini walikuja watu wengi, na tuliwaona wazee waliowahi kumshitaki kwa ukali wake wamebeba udongo kwa mikono.

Baada ya matanga mama mjane wake alituita. Akatuonyesha mfuko wa plastiki, ndani yake madaftari ya mahudhurio ya miaka yote, yaliyovukishwa kutoka Lugufu. Tukatafuta letu la mwaka 1999. Wakati tunasoma, kila asubuhi alikuwa anaita majina, na jina likikosa jibu alikuwa anauliza benchi zima: "Mwenzenu eko wapi?" Hakuendelea na somo mpaka mtu ajibu. Tulidhani ni ukali tu. Sasa tukaona kwamba mbele ya kila jina ameongeza neno kwa kalamu nyingine, miaka mingi baadaye. Baraka. Uvira. Nyarugusu, zoni fulani. Amerika. Amezaa mapacha. Ni mwalimu. Amekufa ziwani. Kumbe wazazi wetu waliposimamishwa naye njiani na kuulizwa habari zetu, haikuwa salamu tu. Alikuwa anaendelea kuita majina.

Kati ya majina 74, mbele ya 19 hakuna neno.

Wazazi wenzetu, hatukuandika haya ili tuseme zamani ilikuwa nzuri. Haikuwa nzuri. Tena hatuwezi kumwahidi mtoto yeyote kwamba karatasi ya shule itamtoa kambini. Sisi wanne tulisoma na bado tuko hapa. Lakini dawa tunaisoma kabla ya kumpa mtoto, barua tunaisoma wenyewe, mgao tunauhesabu, na tukiitwa kwenye mahojiano tunajieleza bila kumtafuta mtu wa kutusemea. Hiyo ndiyo mavuno ya miaka ile ambayo watu walisema si miaka. Mtoto aliyeacha shule mwaka huu akingoja kurudi nyumbani, au kupelekwa nchi nyingine, umri wake haumngojei. Mkipita jirani mkaona mtoto yuko nyumbani saa za shule, msinyamaze. Pigeni hodi, muulizeni mama yake kwa heshima, kama mwalimu wetu alivyouliza.

Na tuna ombi la mwisho. Daftari sasa tunalitunza sisi. Kama ulisoma darasa la tano Lugufu mwaka 1999, kwa mwalimu aliyechora mstari wa majivu mlangoni, au kama ndugu yako alisoma pale, tuletee habari, hata kwa simu ya jirani, hata kama habari yenyewe ni ya kilio. Tunataka kuandika neno mbele ya majina yale 19.

Ni sisi, wanafunzi wake wa zamani,
Nyarugusu