Vichochoro vya Leipzig

Leipzig niliingia kwa treni kutoka Berlin, asubuhi ya Januari. Stesheni yenyewe ilinitoa macho: treni zimelala sambamba, vichwa vimeelekea ukutani, kama mashua zilizofunga Malindi. Nilivaa sweta mbili za kufuma. Baridi ikazipita zote kama hazipo. Nilikuwa nimekuja kuangalia jinsi vitu vinavyopenya kwenye matundu, na somo likaanzia mwilini mwangu.

Siku ya pili, katika maabara ya chuo kikuu, mwenyeji wangu alinimwagia kiganjani chembe nyeupe, ukubwa wa mtama. Akazidondoshea maji. Mara kiganja kikapata moto! Nikazimwaga mezani, yeye akicheka. Ilikuwa zeolaiti, na matundu ya ile niliyoshika yana mlango wa nanomita 0.4 hivi, nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Molekuli ya maji ina kama 0.28, kwa hiyo hujipenyeza na kung'ang'ania kuta, na kung'ang'ania huko ndiko kunakotoa joto. Mwaka 1756 Msweden Axel Fredrik Cronstedt alilipasha jiwe la jamii hii, likafuka mvuke, akaliita kwa Kigiriki jiwe linalochemka.

Mimi nilidhani tundu ni kama kifumbu cha tui: likiwa dogo, kitu hupita polepole, basi. Kumbe tundu likibadilika, na mwendo wenyewe hubadilika. Nilielewa nilipoukumbuka mtaa wetu Mji Mkongwe. Penye tundu pana ni Darajani siku ya sikukuu: watu wanapigana vikumbo wao kwa wao. Hewani molekuli husafiri wastani wa nanomita 70 hivi kabla ya kugonga mwenzake. Tundu likiwa na nanomita chache tu, gesi haina nafasi hiyo; hugonga kuta zaidi kuliko inavyogongana, kama mimi na baiskeli yangu kichochoroni usiku. Mdenmark Martin Knudsen aliueleza mwendo huo mwaka 1909. Halafu kuna vijia ambamo wawili hawapishani kabisa. Aliye mbele akisimama, wote nyuma wanasimama, kama mkokoteni ulioziba njia.

Siku ya tatu nilioneshwa sumaku, pipa refu la chuma linalovuma. Kwa mapigo ya sumaku, molekuli hutiwa alama pale zilipo; baada ya milisekunde chache hupimwa zimefika wapi. Kwa njia hii, miaka ya 1970, Jörg Kärger na wenzake hapohapo Leipzig waligundua kwamba ndani ya fuwele za zeolaiti molekuli nyingi zinakwenda kasi mno kuliko ilivyoaminika. Waliotangulia walikuwa wakipima muda wa kuingia, na mara nyingi foleni ilikuwa nje, si chumbani. Ugunduzi huo ulinifurahisha kuliko yote. Ila kasi hiyo haina njia iliyonyooka: molekuli hutangatanga kama mtoto aliyetumwa dukani akakuta wenzake wanacheza, hivyo umbali ukiwa mara mbili, muda kwa kawaida huwa mara nne.

Usiku nikaukumbuka mtungi wa udongo wa nyumbani, nao una matundu yake; nikampigia bibi.

"Shikamoo bibi. Hebu upapase mtungi, tumboni."

"Marahaba. Una nini leo?"

"Una unyevu?"

"Una unyevu, mwanangu. Kwani maji yake yanapoaje?"

Nikamwambia aache mkono hapohapo kidogo.