Mvuvi Asiyekula Kaa

Kwetu Ayivu nilijulikana kama mtu wa serikali anayelipwa mshahara ili avue kaa na kuwarudisha mtoni. Watoto walinicheka, nami sikuwalaumu. Alfajiri nilitega migono yenye vipande vya nyama katika vijito vya upande wa mto Nyagak. Kufika saa nne nimeketi juu ya jiwe na lenzi mkononi, nimempindua kaa, nachungulia maungio ya magando yake.

Nilitafuta mabuu ya usubi. Huyu wa kwetu, Simulium neavei, mabuu yake hayang'ang'anii jiwe wala jani, humpanda kaa. Siri hiyo ilifichuliwa Kenya na kutangazwa mwaka 1950. Kabla ya hapo mito ilipekuliwa bila buu hata moja kuonekana, na huku watu wanaumwa mchana kutwa. Usubi akiisha kupata mbawa hufyonza damu na kuacha mnyoo mwilini. Vitoto vya mnyoo huo hutembea chini ya ngozi mpaka machoni.

Shangazi yangu aliongozwa kwa fimbo na wajukuu wake. Siku moja aliniuliza, "Mwanangu, hao kaa ndio walionila macho?"

"Si kaa, shangazi. Ni abiria wao."

"Basi mwache kaa aende zake."

Mwaka 2007 Uganda iliamua kuutokomeza kabisa upofu huu unaoletwa na usubi. Wagawa dawa wa vijijini wakapita mara mbili kwa mwaka na fito zao za kupimia kimo, kwa kuwa vidonge vya Mectizan huhesabiwa kwa urefu wa mtu. Mitoni nako ikatiwa dawa ya kuua mabuu, na abiria wakaadimika. Siku nzima, kaa kwa kaa, naandika sifuri.

Nilifurahi, lakini nusu nusu. Kaa waliobeba abiria wengi walitoka katika maji mazuri kuliko yote: ya baridi, yanayokimbia chini ya kivuli. Ukigeuza jiwe pale unakuta wadudu wenye mikia mitatu, na wale mafundi wanaojijengea vijumba vya mchanga. Miti ya kando ilipofyekwa kwa mashamba, usubi walipungua pia. Daftarini sifuri ni sifuri, ya dawa na ya shoka.

Nilipostaafu, mji wetu, Arua, ulikuwa umekwisha kuwa jiji, tangu Julai 2020. Juzi niliteremka mto Enyau, chini ya mji, vijana wanapooshea bodaboda. Nikageuza jiwe kwa mazoea. Mabuu mekundu tu, yale yenye damu ya kuhifadhi oksijeni, yanayostahimili matope yaliyowashinda wenzao.

Kijana mmoja akainama kutazama. "Hao wanauma, muzee?"

"Hawaumi."

"Basi mto mzuri," akasema, akachota ndoo nyingine.